Nesi Aliyetupa Namba Yake

Kwenye simu ya mama yangu kuna namba imeseviwa "Sista wa Kifua". Si sista wa kanisa wala si ndugu yetu. Ni nesi. Aliiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya shosho kwa biro ya bluu, akamwambia mama, "Kukitokea kitu, piga. Msingoje tarehe."

Shosho alikuwa na saratani ya mapafu. Alikaa Mukurwe-ini, kliniki ilikuwa Nairobi, na siku ya kliniki ilimaanisha kuamka saa tisa usiku, kupanda matatu ya kwanza, kisha kupiga foleni mpaka mchana ili daktari aangalie faili kwa dakika sita hivi. Mtu ambaye hawezi kutoka kitandani hadi choo bila kupumzika njiani, sasa fikiria akipanda ngazi za matatu. Kati ya kliniki moja na nyingine tulikuwa na ile namba pekee.

Kwa muda mrefu nilidhani tulibahatika tu kukutana na mtu mwenye roho safi. Kisha nikaanza kuchimba, si mnanijua, nikianza kusoma kitu silali. Kumbe nesi wa kukusikiliza kwa simu ana historia ndefu, na watu wa saratani ya mapafu waliipigania kwa sababu zao. Na kuna sehemu ya historia hiyo iliyoandikwa hapa kwetu, kwa Kiswahili. Nitafika hapo.

Tuanze na kikohozi. Bell alipata hataza ya simu huko Marekani mwaka 1876. Miaka mitatu tu baadaye, 1879, jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilisimulia kisa cha mtoto aliyekuwa akikohoa usiku. Watu wa nyumbani waliogopa ni ule ugonjwa wa koo unaoziba hewa kwa watoto. Wakampigia daktari. Daktari akasema mtoto aletwe karibu na simu akohoe. Akasikiliza, akasema sio huo, kila mtu akarudi kulala. Yaani simu haijafikisha hata miaka mitano duniani na tayari mtu anakohoa ndani yake. Leo ukiona kampuni imezindua apu ya "kumwona daktari ukiwa nyumbani" ikijiita mapinduzi, tabasamu tu.

Lakini hapo ni daktari, na ni familia iliyokuwa na uwezo wa kuweka simu ndani ya nyumba enzi hizo. Mgonjwa wa kawaida wa saratani alisubiri sana. Marekani ilianzisha laini ya taarifa za saratani ya serikali mwaka 1975, chini ya taasisi yao ya taifa ya saratani. Unapiga bila malipo, unauliza. Uingereza ilikuja baadaye, na mwanzo wao naupenda zaidi kwa sababu haukutoka wizarani. Ulitoka kwa mgonjwa.

Anaitwa Vicky Clement-Jones. Alikuwa daktari, na mwaka 1982 aligunduliwa na saratani ya ovari. Ghafla amekaa upande ule mwingine wa meza. Akaona kitu ambacho hakukiona akiwa amevaa koti jeupe: mgonjwa anaelezwa mambo mazito kwa dakika chache, anatoka amechanganyikiwa, na maswali yenyewe yanamjia akiwa nyumbani usiku, wakati hakuna wa kumuuliza. Mwaka 1985 shirika alilolianzisha, BACUP, lilifungua milango London. Waliopokea simu walikuwa wauguzi wenye uzoefu wa saratani. Yeye mwenyewe alifariki 1987. Miaka miwili tu aliiona kazi yake ikisimama. Simu ziliendelea kulia, na mwaka 2008 shirika likaungana na Macmillan, ambalo ni kubwa huko kwao.

Sasa tuje kwa mapafu, kwa sababu hapa kuna aibu, na aibu ndiyo inafanya simu iwe muhimu.

Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za London, ukiunganisha uvutaji sigara na saratani ya mapafu. Kazi safi kabisa, imeokoa watu wasiohesabika. Lakini ilikuja na kivuli. Kuanzia hapo, mtu akisema ana saratani ya mapafu, swali la kwanza huwa moja: "Alikuwa anavuta?" Huyo wa saratani ya matiti anapewa ribboni ya pinki na matembezi ya hisani. Huyu wa mapafu anaulizwa alifanya nini.

Shosho hakuwahi kushika sigara maishani mwake. Alipika kwa kuni, mawe matatu, jikoni isiyo na dirisha la maana, zaidi ya miaka arobaini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka moshi wa kuni za nyumbani kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ingawa siwezi kukuapia ndio uliomwua. Kabla ya hapo alikuwa amemaliza miezi sita ya dawa za TB kwenye kituo fulani, kwa kikohozi ambacho hakikuwa TB. Na bado kwenye matanga, jirani mmoja alimvuta mama kando akauliza kwa sauti ya chini kama mzee alikuwa anavuta kwa siri. Mama alinyamaza. Mimi sikunyamaza, lakini tuyaache hayo.

Uingereza nao walihitaji mtu maarufu ndipo wasikie. Roy Castle alikuwa mtangazaji wa kipindi cha watoto cha BBC na mpiga tarumbeta, na yeye hakuwa mvutaji. Alipogunduliwa na saratani ya mapafu mwaka 1992 alisema ni moshi wa watu wengine, wa zile klabu alizopiga muziki miaka na miaka. Alitumia miezi yake ya mwisho kuchangisha pesa, akafariki 1994, na shirika la saratani ya mapafu lililoanzishwa Liverpool na daktari mpasuaji Ray Donnelly likachukua jina lake. Mpaka leo lina laini ya bure ambapo anayepokea ni nesi anayejua mapafu. Kwenye simu hakuna anayekuangalia vidole kama vina madoa ya nikotini.

Nikiendelea kusoma nikagundua kitu kingine. Wauguzi wenyewe hawakuridhika kuwa watu wa kufariji tu. Miaka ya tisini, muuguzi na mtafiti Jessica Corner na wenzake waliuliza swali rahisi: huyu mtu anayekosa pumzi, kando na dawa, tunaweza kumfundisha nini? Namna ya kupumua ukiwa umepanikia. Namna ya kugawa kazi za siku, uoge asubuhi, ulale, ndipo uvae. Namna ya kusema hofu kwa sauti, maana kukosa pumzi na hofu hulishana. Walijaribu na wagonjwa 119 katika hospitali sita, na mwaka 1999 wakaonyesha kwamba waliofundishwa walipungukiwa na ile dhiki ya kuhema.

Kisha 2002 ukaja utafiti ambao, mimi kama ningekuwa waziri, ningeubandika ukutani. Sally Moore na wenzake waliwachukua wagonjwa 203 wa saratani ya mapafu waliomaliza matibabu ya mwanzo. Wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likaendelea na kliniki za kawaida za daktari. Lingine likafuatiliwa na wauguzi bingwa, kila mwezi, kwa simu au kliniki ya nesi, na mgonjwa akiwa na ruhusa ya kupiga au kuja bila kupangiwa tarehe.

Matokeo? Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na nesi walikosa pumzi kidogo kuliko wenzao. Waliridhika zaidi na huduma. Walihitaji kumwona daktari wa hospitali mara chache zaidi. Wauguzi waligundua dalili zikizidi mapema kuliko madaktari. Na waliofariki, wengi zaidi walifia nyumbani.

Hawakuishi muda mrefu zaidi. Nasema hivyo wazi, maana intaneti imejaa watu wanaokuuzia miujiza. Simu ya nesi haikuwaongezea siku kwenye utafiti huo. Iliwabadilishia siku walizokuwa nazo.

Unaweza kuuliza, nesi anasikia nini kwa simu? Mengi. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mama siku moja ameweka spika. Sista wa Kifua hakuuliza "anaendeleaje". Alisema, "Nipe yeye mwenyewe." Akamwuliza shosho alikula nini jana. Shosho akaanza: githeri... kidogo... na chai. Baadaye nilielewa. Hakuwa na haja na githeri. Alikuwa anahesabu maneno mangapi yanatoka kabla ya pumzi kukatika. Mtu anayemaliza sentensi nzima ni tofauti na mtu anayesema maneno mawili mawili. Kisha yale maswali mengine: unakohoa damu? Uso au shingo imevimba? Mgongo unauma na miguu imelegea? Una joto tangu upate kemo? Kila swali lina mlango wake wa hatari nyuma. Huyo wa kemo mwenye homa ya nyuzi 38 hangoji asubuhi, anaenda hospitali sasa hivi. Huko Uingereza wanaopokea simu za wagonjwa wa kemo wana karatasi yenye rangi nyekundu, manjano na kijani ya kuwaongoza. Sista wetu alikuwa nayo kichwani.

Sasa ile ahadi yangu ya Kiswahili.

Kati ya 2007 na 2008, watafiti walifuata watu 538 wanaoanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, kwenye kliniki tatu za Kenya, Pumwani na Kajiado zikiwemo. Nusu hivi waliendelea kama kawaida. Wengine walipata SMS kutoka kwa muuguzi kila wiki. Neno moja tu: "Mambo?" Unajibu "Sawa" au unajibu "Shida" ndani ya saa 48. Ukisema shida, au ukinyamaza, nesi anapiga. Hiyo ndiyo teknolojia yote. Haikuhitaji bando. Kabambe ya mulika mwizi ilitosha.

Mwaka 2010 matokeo yalichapishwa kwenye The Lancet, lile lile jarida la kikohozi cha 1879. Waliomeza dawa vizuri walikuwa asilimia 62 kwa waliopata SMS na 50 kwa wasiopata, na virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48. Dunia nzima ilinukuu "Mambo?" yetu. Mimi nimezaliwa nchi hii, nimesoma shule zake, na niliisikia mara ya kwanza nikitafuta habari za saratani usiku wa manane.

Kwa hivyo msiniambie eti haiwezekani hapa kwa sababu netiweki ni mbovu au wazee hawajui simu. Shosho alijua kupiga. Alijua pia kutuma "tafadhali nipigie" akiishiwa na kredo, na alimtumia nesi, na nesi alipiga.

Hapo ndipo roho inaniuma. Alipiga kwa kredo yake mwenyewe. Alipokea akiwa kwa matatu, akiwa jikoni kwake, mara moja tukasikia mtoto analia nyuma. Hakuna mahali kazi hiyo iliandikwa. Haiko kwa mshahara wake, haiko kwa ripoti yoyote. Akiumwa au akihamishwa, huduma nzima inahama na laini yake ya simu. Watu wa kwetu walimwita malaika. Mimi pia nilimwita hivyo kwenye ibada ya mazishi, na leo natamani ningetumia neno lingine. Malaika hawalipwi. Wale wauguzi wa 2002 walikuwa na cheo, zamu na simu ya ofisi, na utafiti ulipima kazi yao kwa sababu ilikuwa kazi.

Shosho alifariki nyumbani, Mukurwe-ini, alfajiri, kitanda kimevutwa karibu na dirisha jinsi sista alivyoelekeza, kwa ajili ya ile hewa ya kugonga uso. Mama alimpigia kabla hata hajampigia mjomba.

Namba bado iko. Krismasi iliyopita mama alimtumia salamu asubuhi. Jibu lilikuja saa nne usiku: "Asante mama, nawe pia. Samahani nimechelewa, nilikuwa nimepigiwa na mgonjwa."