Mudimbe aliacha monasteri, akabaki na maswali yake

Kamanyola – Katika bonde la Ruzizi, kijana akiacha kwenda misa au ibada, watu husema amepotea. Historia ya Valentin-Yves Mudimbe, mwana wa Kongo aliyewahi kuwa mtawa ng'ambo ya mpaka, inaonyesha kwamba safari hiyo si ngeni, na kwamba si kila anayetoka kanisani hutoka mikono mitupu.

Vita vimeingiza swali hili ndani ya nyumba. Kuna waliozika watoto, kuna walioacha mashamba, kuna waliolala usiku mwingi chini ya paa la kanisa au la shule. Wengi wao wameshika sala kuliko zamani. Wengine wamenyamaza. Siku ya Mungu, ngoma za kwaya zikilia, wao hubaki na muziki katika simu, filamu au kitabu kilichochakaa. Mama hulia, baba hukasirika, na kijana hukosa maneno ya kujieleza.

Mudimbe alipata maneno. Alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 huko Likasi, mji wa migodi wa Katanga ambao wakati huo uliitwa Jadotville. Tangu utoto alilelewa na mapadri. Akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliingia monasteri ya Wabenediktini ya Gihindamuyaga, karibu na Butare nchini Rwanda. Kutoka Kamanyola si mbali: unavuka Ruzizi, unapita Bugarama, unapanda msitu wa Nyungwe, unashuka upande wa pili.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto hugawa siku ya mtawa katika sala, kazi za mikono na kusoma. Kusoma si starehe pale. Ni wajibu wenye saa zake. Kwa hiyo Kanisa lenyewe ndilo lililomzoeza kijana huyo kukaa na kitabu kila siku.

Lakini nje ya kuta za monasteri Rwanda ilikuwa ikiwaka. Kuanzia Novemba 1959 nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia Burundi, Uganda, Tanganyika na huku Kivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mudimbe aliacha utawa. Alitaka kuelewa nguvu zilizoifikisha Afrika pale ilipokuwa. Alisoma Lovanium mjini Kinshasa, akapata udaktari Louvain nchini Ubelgiji mwaka 1970, kisha akafundisha Lubumbashi.

Mwaka 1973 alitoa riwaya yake ya kwanza, Entre les eaux, maana yake "Katikati ya maji". Mhusika wake mkuu ni padri Pierre Landu, msomi aliyepitia Roma, anayeacha parokia na kujiunga na waasi msituni. Anaona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu. Wazee wa Kamanyola hawahitaji kuelezwa habari za msitu huo. Mwaka 1964 waasi wa Simba walishika Uvira na sehemu kubwa ya bonde hili, na mwezi wa sita vita vikafika hapa Kamanyola.

Padri Landu hapati alichokitafuta. Waasi hawamwamini, wanamhukumu kufa, anaponea chupuchupu, na mwishowe anarudi kujificha katika monasteri. Mhusika alirudi, aliyemwandika hakurudi. Na jambo la kushangaza ni kwamba mwaka 1975 kitabu hicho kilipewa tuzo ya fasihi ya Wakatoliki nchini Ufaransa. Wasomaji waumini waliona ndani yake swali la kweli, hata kama jibu lilikuwa chungu.

Wakati huohuo serikali ya Zaire ilikuwa ikitengeneza dini yake. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na Kadinali Malula aliyepinga akajikuta Roma kwa miezi kadhaa. Ndipo Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko. Mahali pa kwaya pakawekwa nyimbo na ngoma za chama, na habari za televisheni zikafunguliwa kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni.

Katika dini hiyo Kamanyola ilikuwa kama mahali patakatifu. Utawala ulisimulia ushindi wa 1964 kuwa ushujaa wa Mobutu mwenyewe, na jina la mji huu likapewa meli yake ya mtoni, divisheni ya jeshi na uwanja mkubwa wa Kinshasa, ambao leo unaitwa Uwanja wa Mashahidi. Hapo kuna onyo: wimbo na filamu vinaweza kumfungua mtu, na vinaweza pia kumpigisha magoti mbele ya mtu mwenzake. Mwaka 1980, alipotakiwa kuingia Kamati Kuu ya MPR, Mudimbe aliondoka nchini na kwenda Marekani. Aliyeacha kanisa la kwanza hakukubali kuingia la pili.

Nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o alipita njia inayofanana. Mwezi wa tatu 1970, wakati huo akiitwa James Ngugi, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri mjini Nairobi na kutamka kwamba yeye si Mkristo. Baadaye aliliacha jina la James. Mwaka 1977 mchezo wake wa kuigiza na wakulima wa Kamiriithu ulipigwa marufuku, naye akafungwa. Gerezani aliandika riwaya juu ya karatasi za chooni. Kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani: alitoka kanisani, lakini msalaba ulibaki katika lugha yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mudimbe. Alisema wazi kwamba hawezi kuthibitisha kama Mungu yuko au hayuko. Hata hivyo, alipoandika maisha yake mwaka 1994, alikiita kitabu hicho mchoro wa bustani ya Kiafrika kwa mtindo wa Wabenediktini. Miaka mitano kabla, katika Shaba Deux, alikuwa ameandika daftari la mtawa wa kike anayebaki konventini wakati wa vita vya Kolwezi vya 1978. Mtu asiyesali aliandika kwa heshima habari za mwanamke anayesali huku risasi zinalia. Mwaka 2015 Mkameruni Jean-Pierre Bekolo alitoa filamu ya saa nne hivi juu yake, na sehemu kubwa yake ni mzee huyo akizungumza.

Mudimbe alifariki Marekani mwezi wa nne 2025. Mwezi uliofuata, tarehe 28, Ngũgĩ naye akafariki hukohuko.

Jamaa nyingi zilizohama zinaishi leo chumba kimoja: anayesali na asiyesali, kwenye mkeka mmoja. Kabla ya kusema kijana amepotea, pengine mzazi amuulize anasoma nini, anasikiliza nini, na ni swali gani linamnyima usingizi. Huenda ni lile lile ambalo mzazi hulipeleka kanisani kila siku ya Mungu.