Kifusi cha Berlin

Wasomaji wangu, leo tuache siasa kidogo tuzungumzie kifusi. Ndiyo, kifusi hiki hiki ambacho hapa Dar mmoja anakinunua kwa lori afukie kiwanja cha bondeni, na mwingine aliyebomoa nyumba anahangaika pa kukitupa.

Vita vilipokwisha Ulaya, Mei 1945, Berlin peke yake ilikadiriwa kuwa na kifusi cha mita za ujazo milioni 75. Chukua lori la mita saba: ni safari zaidi ya milioni 10! Viwanda vya matofali vimelala, makaa ya mawe hakuna, reli zimekatika, na watu wanalala kwenye mahandaki. Matofali ya kujengea yangetoka wapi? Yalikuwa pale pale chini ya miguu yao.

Kuanzia Juni 1945 wanawake wa Berlin wa miaka 15 hadi 50 wakaitwa kazini. Malipo yalikuwa senti 72 za Kijerumani kwa saa, lakini nadhani kilichowavuta wengi ni kadi ya chakula. Mama wa nyumbani alipewa kadi ya daraja la chini kabisa, ambayo watu waliitania kuwa ni kadi ya kwendea mbinguni. Mbeba kifusi alipanda daraja. Basi wakajipanga mstari, ndoo inapita mkono kwa mkono, wengine wamekaa na vinyundo wakigonga tofali moja moja mpaka chokaa ya zamani ibanduke. Matofali safi yakapangwa mafungu ya 200 ili iwe rahisi kuhesabu. Vipande vilivyovunjika vikasagwa kuwa kokoto za zege.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kazi ile iliwezekana kwa sababu nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa, siyo sementi. Chokaa ni laini, inakubali kuachia tofali likiwa zima. Fundi wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa hili. Sementi ina nguvu kuliko tofali lenyewe mara nyingi, kwa hiyo ukigonga, kinachovunjika ni tofali.

Lakini tusidanganyane na picha. Mwaka 2014 mwanahistoria Leonie Treber alitoa kitabu kinachoonyesha kwamba wale wanawake mashujaa wa kifusi wamekuzwa kuliko walivyokuwa. Walikuwa wengi Berlin na katika eneo la Wasovieti; kwingineko walikuwa wachache. Sehemu kubwa ya kifusi iliondolewa na makampuni ya ujenzi yenye mashine, na mwanzoni walilazimishwa pia waliokuwa wanachama wa chama cha Hitler na wafungwa wa vita. Na kwa wengi, kubeba kifusi ilikuwa ni adhabu. Picha za mama anayetabasamu na tofali mkononi zilipigwa ili kuondoa aibu hiyo. (Sisi waandishi na kamera zetu, jamani...)

Wala si chote kilichotumika. Kilichobaki kilirundikwa. Teufelsberg, yaani Mlima wa Shetani, una kifusi cha mita za ujazo takriban milioni 26, na chini yake limezikwa jengo la chuo cha kijeshi cha Wanazi. Wamarekani wakaja kujenga juu yake kituo cha kusikiliza mazungumzo ya Mashariki.

Upande wa Mashariki ndio waliotufikia sisi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki iliisaidia Zanzibar kujenga maghorofa ya Kikwajuni, kisha ukaja mpango wa Michenzani, na nyumba za miti na udongo za Ng'ambo zikabomolewa kupisha. Fikiria: nchi iliyotoka kugonga matofali ya marehemu, imekuja kubomoa nyumba ambazo zikianguka udongo unarudi kuwa udongo, na miti inakuwa kuni.

Nao walituachia zege. Siku maghorofa yale yakija kuvunjwa, kinyundo cha yule mama wa Berlin hakitafua dafu. Nondo zitapata mnunuzi siku hiyo hiyo, kama tunavyoona kila panapobomolewa ghorofa Kariakoo. Zege lenyewe litasubiri lori, na mtu mwenye kiwanja bondeni.