Seva Isiyojua Kupiga Hodi

Adabu ya hodi twaijua sote: mgeni hubisha, mwenyeji huitika. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya CERN huko Geneva, aliujenga mtandao wake juu ya adabu kama hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1990 alikuwa amekwisha andika kivinjari cha kwanza na seva ya kwanza. Kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa, kiliomba ukurasa. Seva, yaani kompyuta iliyouhifadhi, ilijibu. Kisha mawasiliano yakakatwa. Seva haikuweza kusema kabla ya kuulizwa.

Kwa kusoma makala, utaratibu huo ulitosha. Lakini watu walipotaka mazungumzo, bei za soko na taarifa za malipo ziwafikie papo hapo, ukawa kikwazo. Habari zilijipanga foleni ndani ya seva zikimngoja mwenyewe, naye hana habari kuwa anangojwa. Mafundi wakakifundisha kivinjari kuuliza kila baada ya sekunde chache kama kuna jipya. Mara nyingi halikuwapo, na seva ikachoshwa na maswali matupu.

Ukaja ujanja mwingine, ambao Alex Russell aliupa jina la Comet mwaka 2006: seva ikiulizwa isijibu upesi, bali ilishike swali mpaka ipate habari. Ujanja ulifaa, ila ulikuwa na maradhi yake. Kanuni za mwaka 1999 zilikishauri kivinjari kisifungue zaidi ya njia mbili kwa seva moja. Mtu akifungua kurasa mbili, kila moja ikashika njia yake kungoja habari, ombi la tatu lilikwama kimya kimya. Fundi akiikagua seva aliikuta nzima; kumbe kizuizi kilikuwa upande wa msomaji. Pengine kompyuta ya katikati iliona njia imetulia mno, ikaifunga bila kumwarifu yeyote.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha mtandao kina maana nyingi: huenda ujumbe haukufika, huenda ulifika, jibu likapotea njiani, huenda hakuna habari kabisa. Anayebonyeza tena kitufe cha kulipa aweza kulipa mara mbili.

Dawa iliyothibitika ni hii: kila ujumbe upewe namba, mpokeaji akiri kuupokea, foleni isiufute kabla ya kukiri huko, na namba iliyokwisha shughulikiwa isishughulikiwe tena. Desemba 2011 kanuni za WebSocket zilitolewa. Sasa seva nayo iliweza kuanza kusema, na kila upande kupima kama mwenzake yungali hai. Hata hivyo, haja ya kukiri mapokezi haikuondoka.

Kwangu mimi, hilo ndilo fundisho la historia hii. Miaka ishirini ya ufundi ilipita watu wakitafuta namna ya kumhakikishia msemaji kwamba amesikika. Basi, msomaji, anayejibu "nimepata" asidhani amefanya jambo dogo.