Kadi elfu moja, lakini watu ni wangapi?



Mwezi uliopita sekretere wetu alitoa kadi namba 1,000. Habari ikakimbia kuliko pikipiki. Kuna wamama walianza hata kuulizana kitenge cha sherehe kitakuwa cha rangi gani. Komite ikasema: ngoja kwanza. Wengine wamekasirika, njo sababu ninaandika.

Sisi watu wa huku tunajua kuhesabiwa tangu zamani, na mara nyingi hatukukupenda. Wakati wa Wabelgiji, mzungu wa teritwari alipofika kijijini na buku lake, kichwani mwake kulikuwa hasa wanaume wenye nguvu. Kwa Kifaransa waliwafupisha kwa herufi tatu, HAV, maana yake mwanaume mzima anayeweza kazi. Kwa hesabu ya HAV walipanga kodi, na mashamba ya lazima, kama ile pamba ya uwanda wa Ruzizi. Basi kijana mwenye akili, akisikia hesabu inakuja, aliamka mapema akaingia porini. Buku likapungua watu, na mzigo wa waliokimbia ukabaki kwa waliobaki.

Kisha uhuru, kisha Zaire. Hesabu kamili ya mwisho ya raia wa inchi yetu ilifanyika mwaka 1984, ikaleta kama watu milioni 30. Tangu pale hakuna tena. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na wajukuu, na serikali bado inakadiria. Mwaka 2005, kabla ya uchaguzi, waliandikisha watu zaidi ya milioni 25, lakini wale walikuwa wapiga kura tu. Watoto hawakuwamo.

Tena mwaka 1996 tuliona namna hesabu inaweza kuwa jambo la kufa na kupona. Makambi ya wakimbizi wa Rwanda karibu na Goma yalivunjika mwezi wa 11. Tarehe 15 ya mwezi ule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikubali jeshi la mataifa liende kusaidia, Canada ikiongoza. Siku zilezile watu wengi sana walivuka mpaka kurudi kwao. Halafu wakubwa wakaanza kubishana: waliobaki porini ni wangapi? Wengine walisema ni wachache tu, wengine walitaja laki nyingi. Mabishano yaliendelea mpaka mpango wa jeshi ukafa. Waliokuwa porini walibaki porini, wakitembea kuelekea magharibi.

Vita ileile njo ilitutupa siye ngambo ya ziwa, Kigoma, kisha Nyarugusu na Lugufu. Kule tulijifunza upande wa pili wa hesabu. Kwa Mbelgiji, kuandikwa kulikuwa kupoteza. Kambini, kuandikwa kulikuwa kula. Karte ya chakula ilibeba ukubwa wa jamaa: watu watatu, watu sita, watu tisa. Mtu alipokufa, je, mama angekimbilia biro siku ileile kusema "tupunguzieni unga"? Tuseme kweli, wengi walingoja. Kijana aliyetoka kutafuta kazi vijijini alibaki kwenye karte. Karte nyingine zilinunuliwa, zikauzwa, zikawekwa rehani dukani. Sikemei mtu, kwa sababu na mimi nilikula unga wa marehemu.

HCR nao walijua. Ndiyo maana katika makambi makubwa ya miaka ile walihesabu watu wote siku moja, asubuhi mapema, ndani ya uzio, kila mmoja akifungwa utepe mkononi au kuchovya kidole katika wino, ili asirudi mara ya pili. Ilitufedhehesha, lakini wafadhili wao waliuliza swali lilelile ambalo wafadhili wetu wanauliza leo.

Safari za meli za kurudi zilianza mwezi wa 10 mwaka 2005, toka Kigoma kuja Baraka. Waliopanda waliandikwa majina, wakapokea vyombo na turubai. Lakini wengi hawakungoja zamu ya meli. Walipanda mtumbwi usiku na mizigo yao, wakashuka kwenye mchanga bila karatasi yoyote. Sasa hapa njo kosa letu wenyewe linaanza. Tulipofungua buku la chama hiki, tulinakili kwanza karatasi za meli, kwa sababu zilikuwa tayari. Watu wa mtumbwi waliingia polepole, mmoja mmoja, wengine baada ya miaka. Kuna mjane mmoja aliyefiwa na mume, akaja kuomba mchango wa kilio, akajibiwa: jina lako halimo. Alikuwa ameishi nasi, amelima nasi. Jibu lile lilitoka kinywani mwangu.

Na upande mwingine, buku lina watu wasiokuwako. Wamekufa, wamerudi tena Tanzania, wamehamia Bukavu au Kalemie. Kuna waliopoteza kadi wakapewa nyingine yenye namba mpya, hivyo mtu mmoja amekuwa wawili. Namba 1,000 inahesabu kadi tulizotoa tangu mwanzo, haihesabu watu.

Tofauti yake ni franka. Kilio kikitokea, komite inapiga hesabu ya mchango kwa idadi ya wanachama, inamwahidi mfiwa, kisha pesa inayoingia haitoshi. Mfiwa anasema tumemla. Hatukumla; tuliahidi kwa kutumia majina ya watu ambao wengine wako makaburini. Na tukimwandikia mfadhili "tuko elfu", akileta mbegu za watu elfu, zile zitakazobaki zitaenda wapi? Munajua wenyewe.

Kwa hiyo wajumbe wawili kwa kila kijiji watapita nyumba kwa nyumba, mmoja mwanaume, mmoja mwanamke. Wataandika mistari mitatu kwa kila nyumba: nani ana kadi, nani analipa, na ni watu wangapi wanakula pale. Anayekuja na habari ya kifo hatapoteza haki ya kilio hicho. Nafasi yake yaweza kurithiwa na mjane au mtoto. Aliyefika kwa mtumbwi haulizwi karatasi, majirani wawili wanatosha kumshuhudia.

Hesabu itakayopatikana itasomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu, kijiji kwa kijiji, na mtu yeyote anaweza kusimama kukosoa. Ikiwa ni 1,000, kitenge kitanunuliwa. Ikiwa ni 700, tutasoma 700.