Dawa ya Ganzi na Macho ya Turkana

Atokaye Lodwar kwenda Kakuma husafiri kiasi cha kilomita 120 katika nchi ya mchanga, upepo na jua kali. Maji ni haba, na nzi ni wengi. Katika nchi ya namna hii ugonjwa wa macho uitwao trakoma umewatesa watu tangu zamani. Mtu akiambukizwa mara nyingi, upande wa ndani wa ukope huingia makovu na kujikunja, hata nywele zake zikageukia ndani na kulikwaruza jicho. Kila apepesapo huumia, na asipotibiwa mwisho wake huweza kuwa upofu.

Tiba ya hali hiyo ni kuupasua ukope na kuugeuza nje. Lakini ni nani awezaye kutulia huku kisu kikipita karibu na jicho lake? Shida hiyo iliwasumbua madaktari kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1840 walikuwa na dawa za kumlaza mgonjwa, yaani etha na klorofomu. Lakini alipoamka aliweza kutapika kwa nguvu, na jicho lililopasuliwa likaharibika.

Jawabu lilipatikana Vienna mwaka 1884. Daktari kijana, Carl Koller, alijua kwamba kokeini, itokayo katika majani ya koka ya Amerika ya Kusini, huufisha ulimi ganzi. Wengine walilijua jambo hilo, wasilifikirie zaidi. Koller alitia dawa hiyo katika jicho la chura, kisha katika macho ya wanyama wengine, na mwishowe katika jicho lake mwenyewe. Akaligusa kwa pini, asisikie maumivu.

Hata hivyo kokeini ilikuwa na sumu, tena iliwatia watu uraibu. Ndipo Alfred Einhorn wa Ujerumani alipotengeneza prokeini, na mwaka 1943 Nils Löfgren na Bengt Lundqvist wa Sweden wakatengeneza lidokeini, ambayo hutumika sana hata leo.

Dawa hizi hufanyaje kazi? Habari ya maumivu husafiri katika neva kwa kufunguliwa milango midogo mno ipitishayo chembe za sodiamu. Dawa huiziba milango hiyo, na habari haifiki ubongoni, ingawa mgonjwa yu macho. Baadaye damu huiondoa dawa, na fahamu za mahali pale hurudi. Lakini kipimo kikizidi, huweza kuleta degedege, hata kuusimamisha moyo.

Kwa kuwa mgonjwa halazwi usingizi, upasuaji wa ukope hauhitaji mitambo mikubwa. Mtu aliyefunzwa vema aweza kuufanya katika zahanati iliyo mbali na mji, na mgonjwa akarudi kwake siku ile ile. Mzee aliyeokolewa na upofu hahitaji mjukuu wa kumshika mkono kutwa. Na mjukuu huyo, badala ya kuwa fimbo ya babu yake, aweza kwenda shuleni kama ninyi.