Magma inavyochanganyika na kuzaa miamba ya kilindini

MSAFIRI anayetoka Kitengela kuelekea mji wa Kajiado huvuka mpaka wa aina mbili za miamba. Nyanda za Athi na Kapiti zimetandazwa fonoliti, lava iliyoganda juu ya ardhi zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Kusini zaidi hujitokeza miamba geu ya kale, ikiwemo naisi na marumaru inayochimbwa kutengenezea saruji.

Miamba hiyo ya kale ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huo ulitokana na kufungika kwa bahari iliyotenganisha mabara ya kale, kisha mabara yenyewe yakagongana, yapata miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Marumaru ya Kajiado ilianza kama chokaa iliyotuama chini ya maji.

Bahari hufungika bamba la sakafu yake linapodidimia chini ya bamba jingine. Huko ndiko magma huchanganyika.

Bamba likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji yaliyonaswa katika madini yake hupenya mwamba wa moto ulio juu yake na kuurahisishia kuyeyuka. Magma ya basalti, yenye joto la nyuzi 1,200 hivi, hupanda. Ikikwama katika gamba la bara, huyeyusha sehemu ya gamba hilo na kuzaa magma ya pili, yenye silika nyingi, mnato mkubwa na joto la chini zaidi.

Mbili hizo zikiungana na kupoa polepole kilindini, fuwele hukua hadi kuonekana kwa macho. Hivyo hupatikana dioriti na granodioriti, jamaa za matale. Zisipoungana vyema, basalti hupoa haraka na kubaki mabonge meusi ndani ya mwamba mweupe, kama inavyoonekana katika milima ya Sierra Nevada, Marekani.

Leo hakuna bamba linalodidimia chini ya Kajiado. Bonde la Ufa linalipasua bara. Hata hivyo, historia hiyo ina uzito kwa mwenye shamba. Katika lava, maji mara nyingi hukaa baina ya matabaka yaliyomwagika kwa nyakati tofauti. Katika naisi, hujificha kwenye nyufa na sehemu zilizolika. Anayechimba kisima bila kujua amesimama juu ya mwamba gani, huenda akalipia shimo kavu.