Macho Mahali pa Bunduki

Nilipokuwa mvulana wa miaka kumi nilimwua mbayuwayu kwa manati. Alikuwa ametua juu ya waya wa simu karibu na kiwanja cha shule yetu, yeye na wenziwe wengi, katika majira ya mvua za vuli. Wavulana wenzangu walinishangilia, nami nikamchukua nyumbani kwa majivuno. Bibi yangu alimweka kiganjani, akamtazama kwa muda, akasema, "Huyu ni mgeni, mjukuu wangu. Nyama yake haijazi hata kijiko. Umemwua bure." Sikuyaelewa maneno hayo mpaka nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, nikasoma habari za safari za ndege na za watu waliojifunza kuwatazama. Habari hizo ndizo nitakazo kusimulia hapa.

Tangu kale wawindaji, wakulima na wavuvi wa kila nchi wamewajua ndege, kwani ndege aliwapa habari za mvua, za mavuno na za samaki. Lakini kumtazama ndege kwa raha ya kumtazama tu, bila nia ya kumla wala kumfuga, ni kipumbazo ambacho umri wake si mkubwa. Mmoja wa wazee wake ni Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne kusini mwa Uingereza, aliyeishi tangu 1720 hata 1793. White hakuzunguka dunia. Alitembea katika njia zile zile za kijiji chake, akasikiliza, akaandika aliyoyaona. Kwa kusikiliza nyimbo tu alitambua kwamba ndege wadogo waliodhaniwa kuwa wa aina moja walikuwa wa aina tatu. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1789, na mpaka leo kingali kikisomwa.

Hata hivyo, jambo moja lilimsumbua. Kila mwaka wakati wa baridi mbayuwayu walitoweka Uingereza. Je, walisafiri, au walijificha mahali wakalala usingizi mpaka joto lirudi? White alikufa bila jibu la hakika. Jibu lilipatikana baada ya zaidi ya miaka mia. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivikwa pete ndogo mguuni katika jimbo la Staffordshire, Uingereza; mwezi wa Desemba 1912 alikamatwa akiwa na pete yake huko Natal, Afrika ya Kusini. Kiumbe mwenye uzito wa gramu 20 hivi alikuwa amevuka bahari na jangwa! Wale tunaowaona Kenya katika miezi hiyo nao hutoka mbali, Ulaya na Asia. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu, ambaye hakusoma kitabu, nikaona haya.

Lakini mimi sikuwa wa kwanza kuua kabla ya kujua. Katika karne ya 19 hata wataalamu walibeba bunduki. John James Audubon wa Marekani, mchoraji hodari ambaye picha zake 435 zilichapishwa kati ya 1827 na 1838, aliwapiga ndege risasi kwanza, kisha akawafunga kwa nyaya ili wakae kama walio hai, ndipo akawachora. Wakati huo hapakuwa na darubini nyepesi ya kuchukulika, na ndege asiyekuwa mkononi alikuwa vigumu kuaminika.

Uovu mkubwa zaidi ulitokana na mapambo. Mwishoni mwa karne hiyo wanawake matajiri wa Ulaya na Marekani walivaa kofia zenye manyoya ya ndege. Yangeyange waliuawa kwa maelfu, na waliuawa wakati wa kuzaa, maana ndipo manyoya yao huwa mazuri. Makinda wakabaki viotani wakifa njaa. Waliosimama kupinga walikuwa wanawake vile vile. Mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha chama cha kulinda ndege karibu na Manchester. Mwaka 1896 Harriet Hemenway na Minna Hall wa Boston waliwaendea wanawake wenzao, wakawashawishi waache kofia hizo. Mwaka 1921 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia manyoya hayo yasiingizwe nchini.

Desturi nyingine ikabadilika pamoja na hiyo. Huko Marekani baadhi ya watu walikuwa na mchezo wa kujigawa makundi siku ya Krismasi na kushindana kuua ndege na wanyama. Mwaka 1900 Frank Chapman alitoa shauri jipya: washindane kuhesabu, wasiue. Watu 27 walimwitika siku ile, katika mahali 25. Hesabu hiyo hufanywa kila mwaka hata leo. Kisha mwaka 1934 Roger Tory Peterson alitoa kitabu chenye picha zilizoonyesha alama za kumtambulisha kila ndege kwa mbali. Tangu hapo mtu wa kawaida, mwenye kitabu mfukoni na darubini shingoni, hakuwa na haja ya bunduki.

Je, mtazamaji ndege huwa mtu wa tabia gani? Wako wa namna mbili. Phoebe Snetsinger wa Marekani, baada ya kuambiwa mwaka 1981 kwamba ana maradhi ya saratani, aliizunguka dunia akitafuta ndege. Alikuwa mtu wa kwanza kuona aina zaidi ya 8,000, akafa katika ajali ya gari huko Madagaska mwaka 1999, akiwa bado safarini kuwatafuta. John Buxton naye, mshairi Mwingereza, alitekwa na Wajerumani nchini Norwe mwaka 1940, akakaa mfungwa mpaka vita vilipokwisha. Hakuwa na njia ya kwenda popote. Akachagua ndege mmoja mdogo mwenye mkia mwekundu aliyezaa karibu na kambi, akamtazama kwa mamia ya saa, wafungwa wenzake wakimsaidia. Mwaka 1950 alitoa kitabu kizima juu ya ndege huyo. Ndege alipita juu ya seng'enge apendavyo. Mfungwa alibaki ndani, lakini siku zake hazikupotea.

Simlaumu yule wala huyu. Lakini sisi tusio na nauli ya kuizunguka dunia twaweza kufarijika na mfano wa Buxton. Orodha ndefu si sharti la furaha. Lililo sharti ni subira, utulivu na ukweli. Kwa kuwa mtazamaji mara nyingi huwa peke yake, na akisema ameona asichokiona, hapana wa kumsuta ila moyo wake. Sharti jingine ni kutomtisha ndege kiotani kwa tamaa ya kumwona vizuri zaidi.

Nchi yetu ina aina za ndege zaidi ya 1,000. Chama cha kuchunguza viumbe kiliundwa Nairobi mwaka 1909, na tangu 1971, kwa juhudi za Fleur Ng'weno, matembezi ya kutazama ndege yamefanywa mjini humo kila Jumatano asubuhi. Hata asiyejua jina la ndege mmoja hukaribishwa. Lakini mwanafunzi hana haja ya kwenda Nairobi. Mti ulio mbele ya darasa lake unatosha kumwanzisha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mwaka mvua za vuli zikaribiapo mimi huwapeleka wanafunzi wangu penye waya wa simu, tukawahesabu mbayuwayu waliofika. Mwaka jana mvulana mmoja alikuja na manati mfukoni. Sikumnyang'anya. Nilimwomba anihesabie wale wa upande wa kushoto, maana macho yake ni makali kuliko yangu. Alihesabu mara tatu ili asikosee, na kengele ilipolia alikuwa bado ameinua uso.